Wembe wa kukunja wa zamani: jinsi ya kuutambua na kuunoa mpaka unyoe kweli

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mtu kanunua wembe wa zamani, katafuta jiwe zuri la namba 12000 (namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi), kanoa jioni nzima, afu akiuweka shavuni unavuta ndevu badala ya kuzikata. Nimeshika nyembe nyingi za watu walioshindwa hivyo na karibu zote zina ugonjwa mmoja, pande mbili za makali hazijawahi kukutana. Jiwe la juu halitengenezi makali, linalainisha tu kile lilichokikuta, sasa kama limekuta butu litakupa butu linalong'aa.

Ndo maana hapa sehemu ndefu zaidi itakuwa ile ya jiwe namba 1000. Na kabla ya hapo kuchagua wembe wenyewe, maana kuna nyembe ambazo hata fundi mzoefu anaziweka pembeni, wewe unayeanza utajiumiza roho bure.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Wembe mmoja. Mmoja tu, usinunue tano.
- Mawe ya kunolea: namba 1000, namba kati ya 3000 na 5000, namba 8000, na la kumalizia namba 12000. Jiwe la namba mbili, 4000 upande mmoja na 8000 upande wa pili, linafaa sana.
- Bamba la almasi la kusawazishia mawe (namba 325 hadi 400), au msasa wa maji uliolazwa juu ya kioo kinene.
- Tepu ya umeme, penseli na maka peni.
- Lenzi ya kukuzia, ya fundi saa inatosha, inayokuza mara 10 hadi 30.
- Taa moja yenye mwanga mkali.
- Mkanda wa ngozi wa kupigia wembe, ukiwa na upande wa turubai ni vizuri zaidi.
- Spiriti, mafuta mepesi ya mashine, kitambaa laini, msasa wa maji namba 600 mpaka 2000.

Ukibanwa na hela, usiruke jiwe la 1000 ili ununue la 12000. Ruka la 12000. Makali mazuri ya 8000 yakipigwa vizuri kwenye mkanda yananyoa, hilo nakuhakikishia.

## Hatua ya 1: Soma shingo ya wembe

Fungua wembe uangalie ile sehemu nene iliyo kati ya makali na mkia. Hiyo ndo shingo, na hapo ndo watengenezaji walipiga mhuri wao. Unachotafuta kwanza ni mji. Sheffield ni Uingereza, Solingen ni Ujerumani, Eskilstuna ni Sweden, Thiers ni Ufaransa. Wembe wa zamani wenye jina la mji mmojawapo kati ya hiyo, na mhuri uliochapwa ukaingia ndani ya chuma, kwa kawaida una chuma kinachostahili kunolewa.

Kuna alama ambazo ukizizoea utazijua kwa mbali. Mapacha wawili ni J.A. Henckels wa Solingen. Mti ni Böker. Nyota na msalaba ni Joseph Rodgers wa Sheffield, na I*XL ni George Wostenholm wa huko huko. Ukiona MK na namba mbele yake, huyo ni Heljestrand wa Eskilstuna.

Umri nao unasomeka, ingawa ni kwa kukadiria. Sheria ya ushuru wa forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ililazimisha bidhaa zinazoingia huko ziandikwe nchi zilikotoka, na ikaanza kubana mwaka 1891, kwa hiyo neno ENGLAND au GERMANY kwenye shingo mara nyingi linamaanisha wembe ulitengenezwa baada ya hapo. Herufi V R zenye taji zinaelekeza enzi za Malkia Victoria, 1837 hadi 1901, na W R zinaelekeza enzi za William wa Nne, 1830 hadi 1837. WEST GERMANY ni baada ya 1949. Hizi ni dalili tu, usije ukalipia wembe bei kubwa kwa sababu ya herufi mbili.

Baada ya mhuri angalia upana. Nyembe hupimwa kwa sehemu za nane za inchi, kutoka mgongoni mpaka kwenye makali: 4/8 ni kama mm 13, 5/8 ni mm 16, 6/8 ni mm 19, 7/8 ni mm 22. Afu angalia tumbo la wembe, yaani ubavu wake kati ya mgongo na makali. Nyembe za zamani zaidi zina umbo la kabari, nene mgongoni na zinapungua zikinyooka hadi kwenye makali. Zilizokuja baadaye zimebonyea pande zote mbili, na zile zilizobonyea sana chuma cha karibu na makali ni chembamba kiasi kwamba ukikigusa kwa ukucha unakiona kinacheza. Ukikuta EXTRA HOLLOW GROUND imeandikwa, ndo hizo.

Wembe wa kwanza chukua 5/8 au 6/8, uliobonyea, wenye makali yaliyonyooka. Kabari acha kwa sasa. Sio mbaya, ila ina chuma kingi sana cha kuondoa na itakumaliza nguvu kabla hujajifunza kitu.

## Hatua ya 2: Ukague kabla ya kununua

Hapa ndo pesa za watu zinapotea. Shika wembe chini ya taa na lenzi mkononi, pita taratibu kutoka kisigino (upande wa shingo) hadi nchani.

Ufa. Ufa hata wa nywele, achana nao. Hauponi, na siku moja utapasuka ukiwa shavuni. Gonga chuma kidogo kwa ukucha, kizima kinalia mlio mwembamba, chenye ufa mara nyingi kinalia kama kimezibwa.

Vishimo vya kutu. Kutu ya juu juu sio tatizo, vishimo vyeusi mgongoni au katikati ya tumbo navyo sio tatizo. Vishimo vilivyo kwenye makali yenyewe au mm 2 kutoka hapo ni tatizo kubwa, kwa sababu kila ukinoa unafungua shimo jipya na makali yanamegeka hapo hapo.

Umbo la makali. Weka makali juu ya rula. Yakinyooka, safi. Yakiwa yamevimba katikati kama tabasamu yananoleka, ila yanataka mkono uliozoea. Yakiwa yamebonyea katikati, yaani wembe umenuna, maana yake mtu aliunoa vibaya kwa miaka, na hapo lazima uondoe chuma kingi mpaka unyooke.

Mgongo. Utaona ukanda bapa mgongoni pande zote, hapo ndo wembe unapogusa jiwe. Ukanda mwembamba uliolingana kila upande ni afya. Ukanda mpana, au upande mmoja mpana mara mbili ya mwingine, ni wembe uliochoka au uliopinda.

Kupinda. Laza wembe kwenye kioo, gusa ncha, gusa kisigino. Ukicheza kama meza mbovu, umepinda. Ukipinda kidogo unanoleka, ila usiwe wa kwanza kwako.

Rangi. Bluu au zambarau kwenye makali inamaanisha kuna mtu aliupeleka kwenye mashine ukapata moto. Chuma cha wembe kinaanza kulainika kikivuka nyuzi joto 200 hivi, na kikishalainika hakishiki makali tena. Urudishe ulikotoka.

Mpini. Mipini mingi ni ya seluloidi, plastiki ya zamani, na seluloidi iliyozeeka inaoza, inatoa mvuke wenye asidi unaokula chuma. Dalili yake ni kutu iliyokaa palepale ambapo wembe hulala ndani ya mpini, harufu kali, na mpini unaopasuka vipande. Huo usiuweke pamoja na nyembe nyingine, na usiusogeze karibu na moto maana seluloidi inawaka haraka sana. Mpini wa pembe za ndovu ni habari nyingine, biashara yake imebanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, jua sheria kabla hujanunua au kuuza.

## Hatua ya 3: Safisha, lakini usihangaike na mng'aro

Wembe huu ulipita kwenye ngozi ya mtu usiyemjua. Futa chuma chote kwa spiriti ya asilimia 70 na uache ikauke yenyewe. Klorini ya kufulia usitumie, inakula chuma cha kaboni kwa dakika chache. Spiriti isilowanishe mpini wa seluloidi, na asetoni usiisogeze kabisa.

Kutu ilainishe kwa mafuta mepesi, uache nusu saa, afu sugua kwa msasa wa maji ukianza na 600 ukipanda. Laza wembe juu ya kipande cha mbao, sugua kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, kamwe usisugue kinyume chake. Wembe butu wa miaka 100 bado unakata kidole mpaka mfupa, usiudharau.

Kama kuna maandishi ya dhahabu au michoro kwenye tumbo, usiyaguse na msasa wala dawa ya kung'arisha. Yakitoka yametoka.

Utajua imetosha pale kitambaa cheupe kitakapopita bila kutoka na rangi ya kutu. Madoa meusi yaliyobaki hayazuii kunyoa, yaache.

## Hatua ya 4: Sawazisha mawe

Hata jiwe jipya mara nyingi halijanyooka. Chora mistari ya penseli kama nyavu juu ya jiwe, mwaga maji, sugua kwa bamba la almasi mpaka mistari yote ipotee. Chora tena, sugua tena. Mara ya pili mistari ikifutika pamoja ndani ya sekunde chache, jiwe limenyooka. Wembe una mstari mmoja mrefu unaotakiwa kugusa kote kwa pamoja, kwenye jiwe lenye bonde katikati kuna sehemu itakuwa haiguswi hata ukinoa wiki nzima.

## Hatua ya 5: Tepu na maka peni

Wembe hauhitaji ubahatishe pembe ya kunolea kama kisu. Mgongo wenyewe ndo kipimo: ukiulaza ukagusa jiwe kwa mgongo na makali kwa pamoja, pembe imeshajipanga. Wembe wenye mgongo wa mm 5 na upana wa mm 17 unakupa pembe ya kama digrii 17, ukihesabu pande zote mbili.

Bandika tabaka moja la tepu mgongoni. Inalinda mgongo usiliwe, na inaongeza pembe kama digrii moja tu. Ikianza kuchanika badilisha, na ukianza na tepu maliza na tepu, ukiitoa katikati ya kazi pembe inabadilika na makali hayagusi tena jiwe.

Afu paka maka peni kwenye makali pande zote. Nenda mara tatu nne kwenye jiwe la 1000, angalia. Wino umefutika wapi? Ukifutika nyuma ya makali tu, ukabaki kwenye ncha ya makali yenyewe, basi ndo hivyo, bado una safari. Mimi narudia maka peni hata mara tano kwa wembe mmoja, ni rula ya bei rahisi kuliko zote.

## Hatua ya 6: Jiwe la 1000, hapa ndo pa kukaa

Ukiangalia karibu, kila upande wa makali kuna ukingo mwembamba unaometa. Nitauita mshazari. Kazi ya jiwe la 1000 ni kuifanya mishazari miwili ikutane kwenye mstari mmoja, kuanzia kisigino mpaka nchani. Basi. Hakuna kazi nyingine, na hakuna jiwe lingine litakalokufanyia.

Kama makali yana mapengo, kwanza yaondoe. Simamisha wembe wima, makali chini, upitishe kwenye jiwe polepole bila kukandamiza mpaka mapengo yaishe. Ndio, unauua wembe kabisa, inauma kuangalia, lakini utajenga makali mapya kwenye chuma kizima.

Sasa lowesha jiwe, laza wembe, mgongo na makali vyote vikigusa. Sukuma makali yakitangulia, kama vile unataka kuchuna ngozi nyembamba juu ya jiwe. Ukifika mwisho usiinue wembe, uviringishe juu ya mgongo wake, rudi na upande wa pili. Ukigeuza kwa kupitia kwenye makali umeharibu kazi yote.

Wembe huwa mrefu kuliko upana wa jiwe, kwa hiyo anza na kisigino kikiwa juu ya jiwe na wakati unasukuma vuta kidogo kidogo kwa pembeni ili umalize nchani. Njia ya wembe inachora kama herufi X. Shingo yenyewe isipande juu ya jiwe, ikipanda inanyanyua kisigino na sehemu hiyo itabaki butu.

Mkandamizo: mwanzoni kidole kimoja kinaweza kusaidia kidogo, chepesi. Ukizidisha, chuma chembamba kinajikunja na unakuwa unanoa sehemu nyingine kabisa. Ukikaribia kumaliza, uzito wa wembe peke yake.

Mara ngapi? Hili swali nalielewa ila halina namba. Kuna wembe umemaliza kwa kwenda na kurudi mara 40, kuna mwingine ulinichukua siku mbili. Usihesabu, pima:

1. Simama chini ya taa kali, elekeza makali juu yakutazame usoni. Ukiona hata nukta moja inayometa kwenye mstari wa makali, hapo hapajakutana. Makali ya kweli hayarudishi mwanga, yanaonekana kama giza.
2. Nyoa nywele za mkono kwa kisigino, kwa katikati, kwa ncha, kila sehemu peke yake. Zote zikate, karibu na ngozi, bila kulazimisha.
3. Angalia kwa lenzi, mshazari uwe na mikwaruzo ya jiwe mpaka ukingoni kabisa, pande zote mbili.

Sehemu moja ikigoma, hujamaliza. Sio karibu umalize, hujamaliza. Najua hamu ya kupanda jiwe la juu ilivyo, mwanzoni nilikuwa napanda wembe ukikata sehemu tatu kati ya nne nikijiambia hiyo ya nne itajiseti mbele ya safari. Haikujiseti hata mara moja, kila mara nilirudi chini kuanza upya na chuma kimepungua.

## Hatua ya 7: Panda mawe

Ukishavuka hapo kazi iliyobaki ni nyepesi. Osha wembe vizuri kabla ya kila jiwe, punje moja ya jiwe la chini ikiingia jiwe la juu itachora mkwaruzo mrefu.

Kwenye 3000 hadi 5000 unafuta mikwaruzo ya 1000. Endelea mpaka lenzi isiione tena, hasa karibu na makali. Kwenye 8000, mara 30 hadi 50, uzito wa wembe tu, na hapa mshazari unaanza kuwa kama kioo. Nywele za mkono zinaanza kudondoka kabla wembe haujagusa ngozi.

Kwenye 12000 tumia maji mengi na tone la sabuni ya vyombo, mara 30 hadi 50, mkono mwepesi kuliko unavyodhani unahitajika. Ukihisi wembe unanata kwenye jiwe kama unanyonywa, hiyo ni dalili njema, nyuso mbili zimenyooka na kukutana.

Usizidishe. Ukinoa mno, hasa kwa kukandamiza, ukingo unakuwa mwembamba kama karatasi, unajikunja na kumeguka shavuni. Ukifika huko rudi 8000 na mkono mwepesi.

## Hatua ya 8: Mkanda

Mkanda hauondoi chuma kama jiwe, unanyoosha na kulainisha makali. Vuta mkanda ukakamae, ukilegea unaviringisha makali na ndani ya mara tatu umefuta kazi ya saa tatu.

Hapa mwelekeo ni kinyume cha jiweni: mgongo unatangulia, makali yanafuata. Geuza juu ya mgongo kabla hujaanza kurudi. Mara 20 hadi 30 kwenye turubai, mara 50 kwenye ngozi. Polepole, kasi itakuja yenyewe, kwa sasa ukiharakisha utakata mkanda.

Ukimaliza shika unywele mmoja upande wa mzizi, uache ncha yake ining'inie, ushushe juu ya makali. Ukikatika bila kusukumwa umefika. Usipokatika usikate tamaa, nywele za watu zinatofautiana, hakimu ni shavu.

## Hatua ya 9: Shavu ndo litasema

Osha uso kwa maji ya moto, povu jingi. Vuta ngozi ikakamae, laza wembe digrii 30 hivi kutoka kwenye ngozi, nyoa kufuata ndevu zinakolala. Siku ya kwanza mashavu tu, kidevu na mdomo wa juu acha. Wembe usiuburute kwenda pembeni kwa kufuata urefu wa makali, hivyo ndivyo watu wanavyojikata.

Ukinyoa kimya na ngozi haichomi, kazi imeisha. Ukivuta kila mahali, rudi mkanda, ukiendelea kuvuta rudi 8000. Ukivuta sehemu moja tu, mfano ncha, hiyo ncha haikukutana kwenye 1000. Ukikata vizuri lakini ngozi inawaka, makali bado yanakwaruza, rudi 12000 mara 20 na mkanda tena.

Baada ya kunyoa suuza, kausha kwa kitambaa, pitisha mara chache kwenye turubai, uache wembe wazi dakika kumi kabla ya kuukunja ili maji yaliyojificha kwenye riveti (pini inayoshika wembe na mpini) yakauke. Kama hautaunyolea kwa wiki kadhaa, paka mafuta mepesi makali na shingo. Kwa anayenyoa kila siku, mkanda kabla ya kila kunyoa utakubeba miezi, na ukianza kuhisi unavuta huna haja ya kurudi 1000 tena, mara 20 kwenye 12000 na tepu mpya zinatosha.